Waya Mbili za Spika ya Armel

Gadiel aliinama nyuma ya spika ya Armel, akachomoa waya mbili, akazigeuza. Nyekundu ikakaa kwa nyeusi, nyeusi kwa nyekundu. Kisha akarudi kwenye kiti na simu yake, mtakatifu kabisa.

Mlangoni mwa kanisa, pale mtaa wa Overport, Armel alikuwa bado anagombana na dereva wa teksi aliyemletea mzigo.

Mafundi hawa wawili walikuwa hawasalimiani. Leo Mama Anaïs, mkuu wa kwaya, angechagua mmoja wa kushika mitambo ya kanisa. Mwingine asionekane tena hapo.

Ujanja wao ulikuwa mmoja: kidude kidogo kimegandishwa kwenye koni ya spika. Koni ikicheza ovyo, kidude kinaishtaki kwa amplifaya, nayo inairudisha kwenye mstari. Besi inatoka safi. Lakini geuza waya zake mbili uone! Badala ya kuzuia, amplifaya inazidisha. Spika inapiga yowe mpaka inaungua.

Armel akaingia. Shati lake lilinuka plastiki iliyoungua. Fundi gani huyu, Gadiel akawaza.

Mama Anaïs akatoka jikoni. Gadiel akaanza, akawasha spika yake. Besi yake ilikuwa nzuri, ila na kamkwaruzo kwa mbali.

"Trekta hiyo," Armel akasema.

"Washa yako basi!"

Armel akamgeukia Mama. "Mama, niko na neno kidogo..."

"Maneno peleka kwa mchungaji. Mimi nataka kusikia."

"Anaogopa huyo," Gadiel akadakia. "Tukuombee kwanza, bwana?"

"Funga kinywa!"

Armel akashika swichi. Gadiel akainua simu, akaanza kurekodi. Aibu hii lazima ifike mpaka mtaa wa Umbilo.

Swichi ikalia.

Besi ikatoka. Nzito, laini, safi kama maji! Hakuna kilichokwaruza. Mama Anaïs akafumba macho.

"Armel, mwanangu. Kazi ni yako."

Armel hakushangilia. Alizunguka nyuma ya spika, akachungulia, akaona waya zimegeuzwa. Akainua macho taratibu, akamtazama Gadiel.

Kisha akaja, moja kwa moja. Gadiel akashusha simu, akakunja ngumi.

Armel akamkumbatia.

"Merci, kaka, asante," akamnong'oneza. "Tangu jana ilikuwa inapiga yowe tu, nikashindwa; kumbe waya nilizifunga kinyume. Nilikuja kumwambia Mama kazi akupe wewe."