Kiti cha Lukindo

Walirudi kutoka sinema. Zamda bado alikuwa ameshika leso ya mumewe, imelowa machozi. Tendwa aliitazama leso ile kwa jicho baya. Filamu zote alizoongoza yeye, mkewe alizitazama huku akitafuna njugu.

"Kiti kitupu!" alifoka mara mlango ulipofungwa. "Mtu kaelekeza kamera kwenye kiti cha marehemu, kaenda zake kunywa chai, na ukumbi mzima unalia. Huyo Lukindo naye ni mwongozaji?"

"Mimi nilimwona marehemu amekaa," alisema Zamda.

"Ulimwonaje na hakuwepo? Kwenye filamu zangu mtu akifa anazikwa! Jeneza lipo, vilio vipo, na mvua nainyesha!"

"Kweli, mume wangu. Kwako kila kitu kipo." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Lukindo ananiachia nafasi."

Zamda alipokwenda jikoni kuchemsha chai, Tendwa aliburuta kiti hadi katikati ya sebule, akaketi sakafuni, akakikodolea macho. Aliona mbao. Aliona msumari uliochomoza. Akafumba jicho moja, kama afanyavyo nyuma ya kamera. Mbao tu.

Zamda akatoka jikoni na sinia la vikombe. Alipokiona kiti alisita. Kisha akakizunguka taratibu, amebana khanga yake kwa kiwiko, kama mtu anayechelea kumgusa aliyekaa.