Mililita Mia Tatu na Sitini

Mwokaji keki alijifungia bafuni na mabeseni mawili, dogo ndani ya kubwa, pamoja na lile jagi lake lenye mistari ambalo siku zote lilipima maziwa na mafuta. Alijaza maji beseni dogo hadi ukingoni, akavua blauzi, akapiga magoti. Kisha akainama taratibu na kulizamisha titi la kushoto lote, meno yameumana kwa baridi.

Maji yakafurika kwenye beseni kubwa. Wahenga wanasema yakimwagika hayazoleki, lakini yeye aliyazoa yote, akayatia kwenye jagi na kusoma mstari. Mililita mia tatu na sitini. Alirudia mara tatu, maana keki zilikuwa zimemfundisha kutoamini kipimo cha kwanza. La kulia lilitoa mia tatu na arobaini. Akayamwaga maji sakafuni, akaziandika namba hizo nyuma ya risiti ya sukari.

"Mama Watoto! Maji yanatoka chini ya mlango. Bomba limepasuka?"

Mumewe alikuwa fundi bomba, na kwake bomba kupasuka nyumbani mwake kulikuwa tusi.

"Hakuna kilichopasuka, Baba Watoto. Naoga."

"Saa nzima? Unaoga au unajifua?"

Alipotoka alikuwa amevaa koti la mumewe, vifungo vyote hadi kidevuni, na nje jua linawaka. Mume alikuwa ameshika kijikaratasi chenye picha ya mwanamke anayetabasamu na maelezo ya matiti ya kupandikiza.

"Hiki kimeanguka kutoka kwenye mkoba wako," alisema, akiitazama sakafu. "Kama ni kwa ajili yangu, acha. Mimi nimewahi kulalamika?"

"Hujawahi."

"Sasa nani amekucheka?"

Angemwambia nini, na alikuwa ameapa kutosema neno? Miezi minne sasa kifua chake kilimtia aibu, aibu ya kweli, ya kuoga amefumba macho. Mteja akimtazama zaidi ya kidogo, alijikinga kwa trei ya keki. Macho hayana pazia, alijua, na hakuna aliyemkosea. Hata hivyo alijiona kama anatembea na kitu cha wizi mchana kweupe. Alikichukua kijikaratasi, akamwambia mumewe chakula kiko jikoni, akaenda zake.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya chini ya hospitali. Muuguzi, mama mnene mwenye maneno mengi, alikuwa amepanga mezani mifuko ya silikoni kuanzia midogo hadi mikubwa, kila mmoja na namba yake.

"Daktari anataka kipimo cha uhakika leo hii," alisema. "Kesho asubuhi ni kisu. Umekuja nacho?"

Mwokaji alimpa risiti. Namba ikikosewa, mtu ataamka na kifua cha mgeni, na cha mgeni kitabaki. Hilo ndilo lililomnyima usingizi wiki nzima.

"Wengi wakifika hapa huongeza kidogo," muuguzi alisema. "Wanasema maadamu ni kisu kilekile, kwa nini mtu atoke mikono mitupu? Hatuongezi?"

"Hata tone."

"Haya. Nyuma ya pazia, tuhakikishe."

Nyuma ya pazia alivua koti kama anayevuliwa mbele ya umati. Muuguzi alimpima upana kwa utepe, akamwekea mfuko mmoja ubavuni, akautoa, akaweka mwingine. Wa mia tatu ulionekana mdogo. Wa mia nne ulijigamba. Walipofika katikati, muuguzi alirudi hatua moja nyuma, akashika kiuno.

"Lo! Kifua kizuri hivi, mtu anakifunika gubigubi?"

Alikusudia kumsifu. Mwokaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Akalivuta koti, akalivaa kombo.

"Basi," muuguzi alisema akiandika, "kushoto mia tatu na sitini, kulia mia tatu na arobaini."

"Geuza. La kulia ndilo liwe kubwa."

Muuguzi aliitazama karatasi, akamtazama yeye. "Lakini la kushoto ndilo kubwa. Nimepima kwa mikono yangu sasa hivi."

"Najua. Andika la kulia."

"Daktari anaweza kuyasawazisha, yakawa sawa kabisa."

"Hayajawahi kuwa sawa. Andika la kulia, dada yangu, nakuomba."

Muuguzi aliandika huku akitikisa kichwa, akapiga mhuri. "Ipeleke wodini, ghorofa ya pili. Bila hii hawamtayarishi mtu."

Alipanda ngazi polepole, mikono imepishana kifuani. Mlangoni alisita. Mara mbili alishika kitasa na mara mbili akakiachia. Wiki iliyopita alifika hadi hapohapo akarudi nyumbani, akidanganya kwamba oveni imeharibika. Safari hii alijilazimisha, akaingia.

Kwenye kitanda cha dirishani mgonjwa alikuwa amelala akitazama ukuta, shuka limetandazika kifuani pake bila mwinuko wowote, miezi minne tangu kisu cha saratani. Aliposikia hatua akageuka, na uso wake ulikuwa uleule wa mwokaji, hadi kidoti cha shavuni, ila chake kilikaa shavu la pili.

"Simama wima, pacha wangu," alisema. "Nataka kuona nitakavyokuwa."