Turubai Juu ya Bwawa

Nyamizi alipanda ngazi na kisu mkononi, akaanza kukata kamba za turubai lililofunika bwawa la perege. Marehemu mumewe ndiye aliyelifunga, akihofia maji yasije yakakaushwa na jua. Chini alisimama wifi yake, Kabula, mikono kiunoni.

"Wifi, hiyo ni kazi ya mwisho ya kaka yangu."

"Najua. Lakini samaki wake wanakonda. Nawapa pumba kila siku na bado hawakui."

"Sasa jua ndilo litawanenepesha?"

"Bwana samaki, yule mtaalamu wa ufugaji, anasema maji haya yana njaa. Yakipata jua yataota ukijani, wadudu watakula ukijani, na samaki watakula vyote viwili. Chakula chao kinaanzia huko juu."

Ngazi ilipoyumba, Kabula aliishika kwa mikono miwili, na hakuiachia mpaka kamba ya mwisho ilipokatika. Mwanga ukazama hadi kwenye tope. Wakalikunja turubai pamoja, polepole, na Kabula akaondoka nalo kifuani.

Wiki ya tatu maji yalikuwa ya kijani kama mchicha uliopondwa. Kabula alikuja bila kuitwa, akaketi ukingoni.

"Tia mkono, wifi," Nyamizi alimwambia. "Vidole visipoonekana, chakula kipo."

Kabula alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Vidole vyake vilipotea. Kitu kizito, laini, kikamgusa kiganja, kikazunguka, kikarudi. Alitabasamu, na mkono akauacha humo humo.