Sahani Yenye Maua

Asubuhi ya Idi, Bi Kazija alijifungia ndani. Siku hiyo sahani ya jirani hairudishwi tupu, na jikoni kwake hamkuwa na hata tende.

"Hodi, Bi Kazija! Umemficha nani humo?" Mwanajuma, jirani yake, alisukuma mlango usio na komeo akaingia na sahani ya pilau.

"Mwanangu, sahani hiyo nitairudisha na nini?"

"Uirudishe wapi? Si yako hii? Uliisahau kwetu siku ya arusi."

Bi Kazija aliitazama. Ukingoni ilikuwa na maua mekundu. Sahani zake zote zilikuwa nyeupe.

"Kumbe ilikuwa kwenu," alisema. "Ahsante kwa kunitunzia, mwanangu."

Alikula taratibu. Kadiri pilau ilivyopungua, ndivyo maua mengine yalivyochomoza chini yake.