Ndara ya Mguu wa Kushoto

Ndara ilianguka kwa mara ya tisa.

"Okota," alisema Bi Kipenga, bila kutoa kipenga mdomoni.

Karani akainama, akaiokota ile ndara ya bluu, ya mguu wa kushoto, iliyoshonwa ukanda kwa uzi mwekundu, akaibana tena kwapani. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote ya Bi Kipenga, mwalimu mstaafu wa michezo. Ukirusha mshipi wa kuvulia na ndara ikabaki kwapani, kiwiko kimetulia, na yule nzi wa bandia aliyefungwa kwenye ndoana atatua majini kama nzi. Ikianguka, nzi atatua kama tofali. Maji hayakuwapo. Walilenga beseni, katika uwanja wa nyuma wa shule, geti likiwa limekomewa kwa ndani ili karani asionekane na mtu.

"Ya kulia iko wapi, Mwalimu?" aliuliza, angalau apumue kidogo.

"Ina mwenyewe. Kwani una makwapa mangapi ya kurushia? Haya, rusha!"

Masaibu haya yaliletwa na fomu. Karani alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio pale masjala, na fomu ilitaka kujua hupendelea kufanya nini wakati wa mapumziko. Mtu mwenye akili timamu angeandika kusoma. Lakini ukutani kwa bosi alikuwa ametundikwa samaki mkubwa aliyekaushwa, mdomo wazi, na karani akajiona mjanja. Akaandika: kuvua samaki kwa nzi wa bandia.

Bosi, aliyehamia ofisi ile mwaka juzi, alisoma, akakohoa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hata mimi," akasema. "Miaka mingi sana." Akaisukumia fomu kwenye droo haraka haraka.

Mambo yangeishia kwenye droo hiyo, kama si mama wa usafi. Yeye alikuwa amempangusa samaki yule vumbi kwa miaka kumi na mitano, na fomu za watu alizisoma kwa bidii ileile.

"Kumbe tuna wavuvi wawili!" alitangaza saa ya chai. "Bosi, si mchukue mwenzio bwawani Jumamosi, tujue nani mkali?"

Ofisi nzima ikapiga makofi. Bosi akatabasamu kwa meno tu.

"Sawa," akasema. "Nikishamwona anavyorusha, Jumatatu natia saini barua yake ya kuthibitishwa."

Tangu hapo shingo ya karani haikuzoeana tena na kola ya shati. Jumamosi ya kwanza bosi aliahirisha kwa sababu ya kifua. Ya pili, kwa sababu ya mgeni. Karani hakudanganyika, aliuona upole huo kuwa wa paka aliyeshiba, anayemchezea panya kabla hajamaliza kazi. Usiku huohuo alitaka kumweleza mkewe ukweli. Akamkuta na futi mkononi, anapima madirisha.

"Nimeshamwambia mama kazi ni ya kudumu," alisema mkewe. "Mapazia yawe ya kijani au ya kahawia, baba watoto?"

"Kijani," alisema karani, na mlango huo nao ukafungwa.

Ndipo akamtafuta Bi Kipenga, ambaye ujanani alishinda kombe la kurusha mshipi na sasa alilitumia kuwekea vibanio vya nguo. Karani alifika na ufito mrefu wa kuvulia, mgumu kama mti wa bendera.

"Aliyekuuzia huu alikutazama kweli?" aliuliza Bi Kipenga.

"Alinisifu mabega, Mwalimu."

"Basi umenunua sifa. Huu ni wa mtu anayepigana na samaki wa kilo kumi. Mkono wako umezoea mhuri."

Akampa ufito mwingine, mfupi na laini, unaopinda mpaka karibu na mshikio, pamoja na mshipi mzito kidogo wa kuupindisha. Ghafla karani akausikia mshipi ukinyooka nyuma yake kabla hajausukuma mbele. Somo la sita, nzi alitua katikati ya beseni mara tatu mfululizo, na ndara haikutikisika.

"Lakini bila ndara siwezi," alinong'ona.

"Nenda nayo. Vaa koti juu. Nani atajua?" Bi Kipenga akacheka mpaka kipenga kikalia chenyewe.

Jumamosi ya tatu hapakuwa na kifua wala mgeni. Jua lilikuwa kali, bwawa limetulia kama kioo, na karani alishuka garini na koti zito, mkono wa kulia umegandamana na ubavu. Bosi naye alivaa koti. Wavuvi wa kweli huvaa makoti, karani alijifariji. Barua ilikuwa kwenye faili juu ya kiti cha mbele, bila saini.

"Anza wewe, kijana," alisema bosi.

"Haiwezekani, bosi. Mkubwa hutangulia."

"Nimesema anza."

"Nitakutanguliaje, bosi, na miaka yako yote hiyo?"

Bosi akatazama bwawa, akatazama gari, akatazama barabara ndefu waliyojia. Kisha akauinua ufito wake, mfupi na laini, na karani akakodoa macho ili aige kila kitu.

Ufito ukaenda nyuma. Koti la bosi likafunguka. Kitu kikaanguka kwenye majani, pa!

Ilikuwa ndara ya bluu, ya mguu wa kulia, iliyoshonwa ukanda kwa uzi mwekundu.