Kigoda cha Mgonjwa

Kabla kikohozi hakijaingia mwituni, hakuna mnyama aliyemweleza Daktari Pimbi ugonjwa wake bila kumsabahi kwanza. Kikohozi kilipopamba moto, salamu zikakatika. Swala aliingia akisema, "Kifua." Ngiri akasema, "Wanangu watatu, haraka." Pimbi akawatibu wote, huku akitamani kusikia neno moja tu, umeamkaje. Alilitamani kuliko usingizi.

Siku ya arobaini akaingia Kobe, hoi kwa safari, akaketi kwenye kigoda cha mgonjwa.

"Unaumwa wapi, babu?"

"Siumwi, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama," Pimbi akajibu upesi, kama anayefukuza nzi. "Sasa kama huumwi, umefuata nini kwenye foleni yote ile?"

"Siku niliyosikia kikohozi kimeingia, nilitoka kuja kukujulia hali. Ndiyo kwanza nafika."

"Babu, anayejuliwa hali ni mgonjwa."

Kobe hakubisha. Alishuka taratibu, akakiacha kigoda wazi, akauliza tena, "Umeamkaje?"

Pimbi akatazama foleni mlangoni. Kisha akazunguka meza, akaketi kwenye kigoda.

"Vibaya, babu," akasema.