Joto la Kopo

Tangu sheria iseme kila kaya ya Makete itunze kopo moja la plutoniamu iliyotolewa kwenye mabomu ya nyuklia ya mataifa, hadi patakapopatikana pa kuizika, kazi ya Tunsume ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiyaorodhesha makopo. Wala hakubeba kipimo cha mionzi. Aligusa tu sanduku la zege la kuhifadhia kopo. Likiwa vuguvugu, kopo limo.

Sanduku la Mama Sekela lilikuwa la baridi.

"Kopo liko wapi, mama?"

"Lipo, dada, usihofu. Njoo ulione."

Mama Sekela alifunua blanketi kitandani. Kopo lilikuwa limeviringishwa kitenge, na kichanga kimejibanza ubavuni mwake, kimelala fofofo.

Tunsume alirudi nyuma hadi mlangoni. "Litoe! Si mlikatazwa hata kufungua sanduku?"

"Kwa baridi hii? Baridi hii hii ndiyo iliyoniulia wanangu wale wawili wa kwanza."

"Wao… hawakulala nalo?"

"Walilala nalo, ila usiku tu." Akamfunika mwanawe hadi shingoni, taratibu asimwamshe. "Kosa lile silirudii, dada. Huyu hata mchana simwondolei."